Mlango Ulioufunga Wewe

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na masikio yamepunguza kuvuma. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa ngazi. Ofisi iko ghorofa ya tano na lifti yao ni pambo tu.

Kazi nimepata, baba. Nakuandikia haraka usije ukasikia kwa dereva wa basi, maana ndiye anayezibeba barua zetu na sidhani kama hazichungulii. Ni kampuni ya michezo ya kubahatisha kwenye simu. Mtu anaweka dau, kindege kinapaa kwenye kioo, na dau linakua kadiri kinavyopaa. Asipobonyeza kabla kindege hakijatoweka, dau limekwenda. Mimi na kindege hatujuani. Mimi naandika. Tuko wasichana thelathini na mbili kwenye chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, tunawaandikia wateja walioacha kucheza ili warudi. Humu ndani wateja hao wanaitwa waliolala, na sisi waamshaji. Jina la mteja hatulioni, wala namba yake ya simu. Tunaona namba aliyopewa na kampuni, umri wake na siku alizokaa kimya, basi.

Najua utauliza kwa nini sikutumii ujumbe kwenye ile simu niliyokununulia. Naandika ujumbe mia mbili kwa siku, baba. Nikishika simu jioni naona bado niko kazini. Na kukupigia ni kupigiana kelele tu, ile mashine ya pasi imekula masikio yako yote mawili. Acha tuandikiane kwenye karatasi.

Nisalimie mshonaji wa mlango wa pili, mwambie gauni lake linasifiwa huku.

Mwanao,
Kifungo

15 Machi

Kifungo changu,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini mimi nao tumeshazoeana kama mke na mume. Wewe jioni lala chali uegemeze miguu ukutani, uvimbe utashuka.

Duka liko vilevile: chumba kimoja, kamba tatu, meza, na mashine ya pasi ya mvuke ambayo mama yako aliinunua kwa akiba ya miaka sita. Bado naifunika shuka kila jioni kama alivyokuwa akiifunika yeye. Bado nashona uzi wa rangi ndani ya kola ya kila mteja: mwekundu wa mwalimu mkuu, bluu wa karani wa benki, kijani wa yule askari ambaye kulipa kwake ni mpaka akunje uso kwanza. Nguo ya mtu ni amana. Miaka thelathini na moja sijapoteza hata kifungo, isipokuwa wewe uliyedondokea huko.

Nimewatangazia watu hapa kwamba binti yangu ni mwandishi. Mshonaji akauliza, anaandika nini? Nikamwambia nitamwonyesha. Nitumie hata ujumbe mmoja niwafunge midomo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hao wanaokulipa wewe utembeze sijui wana kitu gani, lakini mshahara ni mshahara na mimi sina neno.

Kula vizuri.

Baba yako,
Dobi

2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepona kwa dawa yako ya ukuta. Wenzangu chumbani walinicheka, sasa jioni tunalala wanne miguu juu.

Ujumbe siwezi kukutumia. Maneno hayatoki nje ya ofisi, nimetia saini. Yanakwenda tu kwa mtu aliyejisajili, akacheza, kisha akanyamaza siku kumi. Na wewe usije ukathubutu. Kuna sheria hapa: ndugu wa mfanyakazi akikutwa anacheza, mfanyakazi anafukuzwa siku hiyohiyo. Msichana wa meza ya pili ameondoka juzi kwa sababu ya mumewe, hata kikombe chake hakuruhusiwa kurudi kukichukua.

Lakini moja nitakunong'oneza, maana ni yako pia. Unakumbuka mama, mteja akipotea miezi, alivyokuwa akimpelekea kikaratasi? "Mlango ulioufunga wewe, sisi hatujaufunga. Pita hata kusalimia tu." Nimeyachukua kama yalivyo, nikaongeza "Mzee wangu" mbele kwa wateja wa umri wako. Baba, waliorudi ni wengi kuliko kwa ujumbe mwingine wowote mwaka huu. Nimepewa cheti na feni ya mezani. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Niliona kama mama amekaa pembeni yangu na miwani yake ya kamba.

Mwanao,
Kifungo

29 Aprili

Kifungo changu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, pasi ikaunguza kitambaa cha meza. Mama yako angefurahi. Alikuwa akiandika vile vikaratasi kwa penseli, akikosea anafuta kwa ukoko wa mkate, sijui kama unakumbuka.

Kuna mambo, mwanangu, hayaandikwi kwenye barua inayopita mikononi mwa dereva. Wewe unajua na mimi najua, inatosha. Nitakuwa mwangalifu, usije ukaharibikiwa kwa ajili yangu. Ila moyo wangu umetulia kama ambavyo haujawahi kutulia tangu tulipomzika mama yako.

Wiki mbili hizi mambo yamenyooka. Nimenunua benchi la wateja na shati jipya. Mshonaji ananiambia natabasamu ovyo.

Baba yako,
Dobi

20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, bwana mwenye shati jipya. Haya sema, ni nani? Mambo hayaandikwi, moyo umetulia, unatabasamu ovyo mbele za watu. Mimi si mtoto. Mama ana miaka minne tangu atutoke, na kama umepata mtu wa kukupikia uji sitanuna hata siku moja. Isipokuwa asiwe yule muuza vitambaa. Yule anaongea mpaka nguo inakauka kwenye kamba.

Na mimi nina habari. Nimepandishwa. Sasa sitandazi ujumbe kwa maelfu tu, nimepewa na wateja wangu mwenyewe, kumi na watano, wale wanaocheza sana. Wakinijibu, nawajibu. Msimamizi anasema nina sauti ya nyumbani. Mshahara umeongezeka, nimenunua godoro.

Mwanao,
Kifungo

8 Julai

Kifungo,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, mikono imebanwa. Afya ipo. Nimepungua kidogo, lakini joto la pasi halijawahi kumnenepesha mtu.

Mchumba hakuna. Muuza vitambaa ana mume, na mume ana ngumi.

Mashine iko kwa fundi, ilianza kuvuja. Natumia pasi ya mkaa, ile ya babu yako. Kazi inakwenda pole na wateja wananuna, lakini itapita.

Nikuulize kitu, nawe nijibu kwa njia yako ileile. Mtu akiitwa, na anayemwita anamtakia mema, si atamwambia pia saa ya kuondoka? Mimi nasikia wito tu. Wa kuniambia sasa inatosha, rudi nyumbani, sijausikia.

Baba yako,
Dobi

26 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mashine iko kwa fundi tangu lini? Fundi gani? Niandikie anasema inakosa nini, nitafute kifaa huku. Ile mashine si ya kulala nje.

Swali lako nimelisoma mara mbili, sikulielewa. Nadhani unamwota mama. Mimi pia namwota. Ukiweza, nenda ukapalilie kaburi lake, utajisikia vizuri.

Huku kazi imeanza kunikaa vibaya, na sina wa kumwambia ila wewe. Kati ya wale kumi na watano kuna mmoja, namba yake inaishia na sabini na moja. Mtu wa adabu. Kila nikimwandikia anajibu "ahsante". Wiki iliyopita aliandika: "Binti yangu, nimechoka. Niruhusu nipumzike." Mteja akiomba kufungiwa tunatakiwa kumpeleka dawati lingine, wamfungie. Lakini huyu hakusema nifungieni, alisema niruhusu, na msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikamwandikia maneno ya mama. Dakika nane hazikuisha, akawa amerudi kwenye kindege. Msimamizi akanipiga bega. Wenzangu wakasema nimepata baba wa pili, nami nikacheka nao.

Tangu siku hiyo usingizi haunijii vizuri. Najiambia ni mtu mzima, hakuna aliyemshika mkono. Halafu najiuliza ana nani nyumbani, na huyo aliye naye anajua au hajui.

Niandikie habari za mashine.

Mwanao,
Kifungo

12 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu yako inaita mpaka inakata. Leo nimemkamata dereva kituoni, akaangalia pembeni, akasema duka limefungwa na mlangoni pana mtu anauza ndoo. Nikamwuliza mzee yuko wapi, akasema, "Mwulize mwenyewe, mimi nabeba barua."

Kama unaumwa, sema. Kama kuna jambo baya zaidi ya kuumwa, sema hilo pia.

Mwanao

19 Septemba

Kifungo,

Sijalazwa na sijafa. Hilo ulijue kwanza. Sasa kaa chini.

Mteja wako wa sabini na moja ni mimi.

Nilijisajili mwezi wa nne, siku ileile nilipopata barua yako, na sikuwa na nia nyingine ila kusoma maandishi yako. Ulisema ujumbe unakwenda kwa aliyecheza kisha akanyamaza siku kumi. Nikaweka dau la bei ya sabuni, nikashinda, nikanyamaza, nikawa nahesabu siku. Ya kumi na moja simu ikatetemeka mfukoni. "Mzee wangu, mlango ulioufunga wewe, sisi hatujaufunga." Nikamwita mshonaji aje asome. Nikamwambia, huyu ni binti yangu.

Kisha nikafikiri kidobi. Kila nguo ina uzi wake ndani ya kola, na mwenye kuujua uzi ni dobi peke yake. Nikasema, huu ndio uzi wa Kifungo. Ameshona maneno ya mama yake humu ili nijue ni yeye. Yuko ndani, anakiona kindege kinavyokwenda, kusema wazi hawezi kwa sababu watamfukuza, basi ananipa alama kwamba leo ndiyo siku. Nilipopata, nilisema ahsante mwanangu. Nilipokosa, nilisema nimechelewa kubonyeza, kosa ni langu. Ndiyo maana kwenye barua sikutaja kitu. Nilikuwa nakulinda.

Mashine haijawahi kwenda kwa fundi. Niliiuza mwezi wa sita pamoja na shuka lake. Mwezi wa nane mwalimu mkuu akaleta suti ya harusi ya mwanawe, nikaiuza nayo. Nilijua nitaikomboa kabla ya Ijumaa, maana Alhamisi ulikuwa umeniita mara tatu. Ijumaa mwalimu akasimama mezani na risiti yake. Hakupiga kelele. Alitazama kamba tupu, akaniambia, "Dobi, hata wewe?" Kijana wake alioa na koti la kuazima, mikono inaishia juu ya kifundo cha mkono. Niliwaona wakipita barabarani. Toka hapo hakuna aliyeniletea hata leso. Mwenye nyumba akachukua chumba chake. Sasa nalala nyuma ya cherehani ya mshonaji, nampigia pasi suruali za wateja wake, na hata hizo anazihesabu nikimaliza. Sikumlaumu.

Barua yako ya Julai ilinifikia suti imeshauzwa, nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nilikuomba ruhusa, Kifungo. Nilikuwa nakuomba wewe, na ni wewe kweli uliyekuwa ukisoma. Ukacheka na wenzako.

Nikisema sina hasira nawe nitakuwa mwongo. Ninayo. Ya kwangu mwenyewe ni kubwa zaidi, lakini yako ipo na sitaificha.

Baba yako

30 Septemba

Baba,

Shikamoo, kama bado nina haki ya kukuamkia.

Kabla sijatoka kazini nilifungua kumbukumbu zako. Ujumbe mia tatu na saba. Themanini na tisa ni wa mkono wangu, nimeandika nakunywa chai, nimeandika napiga miayo. Pale uliposema umechoka niliona dakika, niliona hata sekunde. Sikukuona wewe. Kila usiku nasoma tena ile sentensi yako na sasa naisikia kwa sauti yako, nashangaa ilikuwaje siku ile sikuisikia.

Na mimi nina hasira, baba. Nilikukataza kwa maandishi. Ungeniuliza swali moja lililonyooka kwenye karatasi, Kifungo, hizi ni alama zako au si zako? Karatasi moja tu ingetosha. Lakini ulitaka niwe nakuita, na mimi nilitaka kusifiwa, basi tukapatana hivyo bila kujua. Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tulichuma wawili.

Kazi nimeacha. Nilimwambia msimamizi maneno ya mama yangu nayachukua. Akanionyesha mkataba, kila kilichoandikwa kwenye meza yao ni chao. Nikasema sikuyaandika mimi, ni ya mama. Akasema mama yako hakuyasajili. Niliomba akaunti yako ifungwe, wakasema mteja aombe mwenyewe. Ni neno moja tu, baba: nifungieni. Ukiliandika hilo hawana ruhusa ya kukuita tena.

Dereva atakupa mfuko wa sabuni. Chini ya sabuni kuna mshahara wangu wa mwisho na pesa ya godoro nililoliuza. Nenda kwa aliyenunua mashine, uikomboe. Nitakuja mwisho wa Oktoba. Tutaanzia hata barazani kwa mshonaji, na suti ya kijana wa mwalimu tutailipa kidogokidogo mpaka iishe. Laini ya simu itupe. Ukisikia wanakuita kwa maneno ya mama, ujue si mimi.

Mwanao,
Kifungo

17 Oktoba

Kifungo,

Marahaba. Haki ya kuniamkia unayo, na utaendelea kuwa nayo.

Mfuko wa sabuni niliupokea Jumanne. Aliyenunua mashine hana ubaya, alisema, "Njoo na pesa kesho asubuhi, mzee, nitakusaidia na mkokoteni." Jioni ile nilipasafisha barazani pa kuiweka. Mshonaji alishika upande wa pili wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale aliniita dobi.

Laini sikuitupa. Nilisema nitaitupa mashine ikishafika, aliyeinunua asije akanipigia nisipatikane. Lile neno moja nalo sikuliandika. Nilisema nitaliandika kesho, kwa utulivu. Mimi ndiye niliyeyasema hayo, na niliyaamini.

Jumatano asubuhi nilivaa lile shati. Nimefika mbele ya duka letu, pale kwenye ndoo, simu ikatetemeka. "Mzee wangu, mlango ulioufunga wewe, sisi hatujaufunga. Pita hata kusalimia tu."

Nilijua si wewe. Barua yako ilikuwa mfuko wa kulia na pesa mfuko wa kushoto. Nilijua kama ninavyoujua uzi mwekundu na uzi wa bluu kwamba aliyeandika si wewe wala mama yako, na kwamba hakuna mtu upande wa pili anayenitakia kitu. Niliingia kwa wakala wa jirani, nikaiweka pesa kwenye simu. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya duka, nikafungua. Muuza ndoo aliniletea kigoda, akidhani nimechoka. Nilikaa hapo mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara na hakikubaki kitu. Mwenye mashine alipita na mkokoteni wake mtupu, akaniona, akaendelea.

Miezi yote hii nilikuwa na sababu. Nasoma maandishi ya mwanangu, mwanangu ananiita. Umeniondolea sababu, na mkono ukafanya kazi yake vilevile. Sasa sijui kama ile ya kwanza ilikuwa sababu kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko suti.

Simu nimempa dereva, utaipata pamoja na barua hii. Usiizime kwanza. Kaa nayo siku mbili uone maneno yanavyofika, maana wewe umeyaona yakiondoka tu. Kisha liandike lile neno kwa niaba yangu.

Njoo kama ulivyosema, lakini usije na pesa. Na kama unaweza, usingoje mwisho wa mwezi. Mshonaji naye ana simu. Nimemwomba aifiche, ameificha, na mimi najua alipoiweka.

Baba yako